Sumaku ndogondogo za Jua tulivu zinaathirije angahewa iliyo juu yake?

MwangaWaAsubuhi anauliza

Salaam kwenu nyote. Ninasoma kuhusu angahewa ya Jua na nimefika mahali ambapo vitabu nilivyo navyo havinisaidii tena, hivyo naomba mwongozo wa wenye ujuzi. Maelezo mengi ya korona, yaani tabaka la nje kabisa la angahewa hiyo, huanzia kwenye madoa ya Jua, na hapo sina shida: doa lina uga wa sumaku wa gausi 2,000 hadi 4,000 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku), uga huo husokotwa na mwendo wa gesi, hulimbikiza nishati, kisha huiachilia kwa mlipuko. Lakini madoa hufunika sehemu ndogo sana ya uso wa Jua hata katika kilele cha mzunguko wa miaka 11, na mzunguko ukiwa chini kabisa huweza kupita wiki kadhaa bila doa lolote kuonekana. Pamoja na hayo, juu ya maeneo yasiyo na madoa, yale yanayoitwa Jua tulivu, kromosfia, yaani tabaka lililo kati ya fotosfia na korona, haizimiki na korona haipoi. Joto la korona hubaki takriban kelvini milioni 1, ilhali fotosfia iliyo chini, ambayo ndiyo uso tunaouona, ina kelvini 5,800 hivi tu.

Nimesoma kwamba chanzo ni miundo midogo ya sumaku iliyotapakaa katika maeneo hayo, mingine ikiwa na upana wa kilomita 100 au 200. Hapo ndipo ninapokwama. Gesi ya fotosfia inachemka bila kupumzika, na sioni jinsi muundo mdogo kiasi hicho unavyoweza kuhimili msukosuko huo bila kuchanwachanwa. Hata ukihimili, sioni jinsi kitu kidogo hivyo kinavyoweza kutawala angahewa inayopanda maelfu ya kilomita juu yake. Tena, kwa kuwa uso wa Jua hutoa mawimbi ya sauti wakati wote, kwa nini tusiseme kwamba mawimbi hayo ndiyo yanayopasha joto tabaka za juu, tukaiacha sumaku kando? Nitashukuru kwa maelezo yasiyoruka hatua, hata yakiwa marefu.

MzeeWaDarubini anajibu

Ndugu MwangaWaAsubuhi, swali lako limepangwa vizuri. Nitashughulikia sehemu zake mbili za mwanzo, kwa sababu mambo ya mawimbi yuko mwenzetu humu anayeyafahamu kuliko mimi.

Anza na mwendo wa gesi, kwa kuwa ndio unaoamua sumaku ikae wapi. Uso wa Jua umejaa granula, kila moja ikiwa na upana wa kilomita 1,000 hivi na uhai wa dakika 5 hadi 10. Gesi moto hupanda katikati ya granula, hutoa joto lake kwa kunururisha mwanga angani, kisha hushuka ikiwa imepoa kupitia vichochoro vyembamba vya giza vilivyo kati ya granula moja na nyingine. Chini ya pilikapilika hizo upo mwendo mwingine mpana na wa polepole zaidi, wa supagranula, ambazo zina upana wa kilomita 30,000 hivi na hudumu kwa takriban siku moja. Plazma ya Jua, yaani gesi yake yenye chaji za umeme, hupitisha umeme vizuri mno, na katika fotosfia mistari ya sumaku iliyo dhaifu hulazimika kwenda inakokwenda gesi. Kwa hiyo granula huisukuma sumaku hadi kwenye vichochoro vyake, na supagranula nazo huikokota taratibu hadi kwenye mipaka yake. Sumaku inayokusanyika kwenye mipaka hiyo mikubwa huitwa mtandao. Iliyobaki ndani yake, ikiwa bado njiani au ikiwa imezaliwa muda mfupi uliopita, ni ya eneo la ndani ya mtandao. Utofauti huu ushike, maana utarudi mara nyingi katika mjadala huu.

Sasa, kwa nini muundo mdogo hauchanwi? Msukumo wa granula peke yake unaweza kubana uga hadi kufikia gausi 400 au 500, yaani mahali ambapo nguvu ya sumaku inalingana na nguvu ya mwendo wa gesi. Lau mambo yangeishia hapo, shaka yako ingekuwa na msingi. Lakini miaka ya 1970 ilipokuwa ikiisha, wanafizikia Eugene Parker na Henk Spruit walieleza hatua inayofuata. Gesi iliyonaswa ndani ya mrija wa sumaku haiwezi kuchanganyika kwa uhuru na gesi moto ya pembeni, kwa hiyo hupoa, na ikishapoa huporomoka kuelekea chini. Mrija hubaki ukiwa na gesi kidogo, kanieneo ya ndani hushuka, na kanieneo ya nje huuminya hadi sumaku yenyewe iwe na nguvu ya kutosha kujaza pengo hilo. Matokeo yake ni uga wa gausi 1,000 hadi 1,500, ambao unakaribia nguvu ya madoa madogo, ukiwa umefungwa katika upana wa kilomita mia moja na kitu. Uga wa namna hiyo hausukumwi ovyo tena. Mrija hutikiswa, hupindwa, husafirishwa na huweza kugawanyika, lakini kwa muda wa dakika kadhaa hubaki kuwa mrija. Chombo cha anga cha Hinode, kilichorushwa na Japani Septemba 2006, kiliwahi kuona kuporomoka huku kukitokea: gesi ikishuka kwa kasi, uga ukiongezeka nguvu, na nukta angavu ikijitokeza mahali palepale.

Nukta hiyo angavu inastahili neno, kwa sababu ndiyo alama inayotuwezesha kuitambua mirija hii katika picha za kawaida. Doa kubwa ni jeusi kwa kuwa sumaku yake huzuia joto kupanda, na eneo lake ni pana kiasi kwamba joto la pembeni haliwezi kulifidia. Mrija mdogo nao huzuia joto kupanda, lakini gesi iliyo ndani yake ni haba, hivyo macho yetu hupenya hadi kwenye kina zaidi, na kuta zake nyembamba huangazwa na gesi moto inayouzunguka. Hivyo mrija mdogo hung'aa kuliko mazingira yake. Hii ndiyo sababu Jua lenye madoa mengi hutoa nuru nyingi zaidi kidogo kuliko Jua lisilo na doa, tofauti ikiwa takriban sehemu moja katika elfu, kwa kuwa wingi wa nukta angavu huzidi upungufu unaoletwa na madoa.

Ukubwa wa angahewa usikutishe. Upana wa kilomita 100 au 200 ni wa mguu tu. Katika fotosfia, kanieneo ya gesi hupungua kwa zaidi ya nusu kila unapopanda kilomita 150 hivi. Uga uliokuwa umebanwa na gesi ya nje hukosa wa kuubana, na kila unapopanda, mrija hutanuka. Ukifika kilomita 1,000 hadi 2,000 juu ya uso, mirija ya mtandao huwa imetanuka hadi kugusana na kufunika hata maeneo yaliyo juu ya katikati ya supagranula, yakiwa na paa la mistari iliyolala. Chini ya paa hilo gesi ndiyo inayoiongoza sumaku. Juu yake mambo hugeuka, na gesi haiwezi kwenda ila kule mistari inakoiruhusu. Basi eneo la mirija yenye nguvu kwenye fotosfia ni sehemu ndogo sana ya uso, lakini karibu nafasi yote ya korona tulivu imefungamana na miguu hiyo, moja kwa moja au kwa njia ya matao. Ukiutikisa mguu, unatikisa kila kilichoning'inia juu yake.

Mwaka 2009 puto la Sunrise liliruka kutoka Kiruna, Sweden, likiwa na darubini yenye kioo cha mita 1, na likatazama Jua kutoka kimo cha zaidi ya kilomita 35, ambako hewa ya Dunia karibu haisumbui picha. Ni katika data zake ambapo mirija ya mtandao ilionekana mmojammoja bila kudhania kwamba ndani ya nukta moja ya picha kuna mchanganyiko wa kitu kingine. Kabla ya hapo, nguvu ya gausi elfu moja na zaidi ilikuwa ikikadiriwa tu kwa hesabu za mistari ya spektra, yaani alama ambazo atomi huacha katika rangi za mwanga, na nakumbuka jinsi baadhi yetu tulivyofurahi kuona kwamba hesabu hizo za miaka mingi zilikuwa za kweli.

HesabuZaJua anajibu

Shukrani, Mzee, kwa msingi huo. Nami naomba nianze na bajeti ya nishati, kwa sababu bila bajeti mjadala wa mawimbi na milipuko huwa maneno matupu.

Kila mita ya mraba ya uso wa Jua hutoa takriban wati milioni 63. Makadirio yaliyochapishwa na watafiti Withbroe na Noyes mwaka 1977, ambayo hadi leo hutumika kama kipimo cha kuanzia, yanasema kwamba korona ya Jua tulivu inahitaji wati 300 kwa mita ya mraba ili isipoe, na kromosfia iliyo chini yake inahitaji wati 4,000 hivi. Zitazame namba hizo kwa utulivu. Korona inahitaji sehemu moja tu katika laki mbili na zaidi ya nishati inayopita chini yake. Uhaba wa nishati haujawahi kuwa tatizo. Shida ni njia: nishati ya mwendo wa granula itapandaje, ikivuka tabaka ambamo msongamano wa gesi hupungua kwa mamia ya mamilioni ya mara, bila kurudishwa chini na bila kumalizika njiani? Na jambo la pili ambalo hunisikitisha kuona likirukwa ni kwamba kromosfia inadai zaidi ya mara kumi ya kile inachodai korona. Watu huvutiwa na kelvini milioni moja, lakini gesi ya korona ni haba mno, na joto lake kubwa lina gharama ndogo. Anayetaka kuelewa athari ya sumaku ndogondogo aikabili kromosfia kwanza.

Sasa mawimbi ya sauti. Ndugu MwangaWaAsubuhi, wazo lako lina historia ya heshima, kwani lilitolewa katika miaka ya 1940 na lilikubalika kwa miongo mingi. Lina ukweli ndani yake. Katika maeneo ya ndani ya mtandao, mawimbi ya sauti yenye kipindi cha dakika 3 au chini hupanda, hukua kadiri gesi inavyopungua msongamano, kisha hugeuka kuwa mawimbi ya mshtuko yanayowasha nukta za muda mfupi katika mwanga wa kalisi. Mats Carlsson na Robert Stein waliweza kuzizalisha nukta hizo katika kompyuta miaka ya 1990 wakitumia mawimbi ya sauti peke yake, bila sumaku yoyote.

Hata hivyo, kuna vizuizi viwili. Mawimbi yenye nguvu nyingi zaidi katika fotosfia ni yale ya dakika 5, na angahewa ambayo mistari yake ya sumaku iko wima haiyaruhusu kupita. Wimbi lenye kipindi kinachozidi dakika 3 na kitu hushindwa kusafiri, hutikisa gesi mahali pake na kurudi chini. Na yale mafupi yanayopita huishiwa nguvu katika kromosfia. Vipimo vya setilaiti ya OSO 8, iliyorushwa mwaka 1975, vilionyesha kwamba nishati ya sauti inayobaki kwenye kromosfia ya juu haitoshi kabisa kuilisha korona. Kuhusu kromosfia yenyewe mabishano bado yapo: utafiti mmoja wa mwaka 2005 ulipata sehemu moja kwa kumi tu ya nishati inayohitajika, na darubini zenye macho makali zaidi zikaja kupata nyingi zaidi, kwa kuwa mawimbi mengi ya sauti huzaliwa katika maeneo madogo ambayo chombo cha mwanzo kilikuwa kikiyachanganya pamoja.

Hapo ndipo mirija ya Mzee inapoingia, na kuingia kwake si kwa kuleta nishati mpya, bali kwa kufungua njia. Mistari ya sumaku ikiwa imeinama, gesi inayosafiri kuifuata huhisi sehemu tu ya mvutano wa Jua, na kikomo cha mawimbi hubadilika. Mawimbi ya dakika 5 yaliyokuwa yakirudishwa chini sasa hupita. Kwenye mipaka ya supagranula, ambako mistari mingi imeinama, nishati ya mawimbi haya marefu imeonekana ikivuja hadi kromosfia kwa kiasi kikubwa. Pembeni kidogo, mahali ambapo paa la mistari iliyolala ni la chini, hali ni kinyume chake: mawimbi hugeuzwa njia au hurudishwa, na mitetemo ya kromosfia hupungua. Muundo uleule wa sumaku huwasha sehemu moja na kuipoza jirani yake. Kwangu mimi hili ndilo jibu zuri kuliko yote kwa swali lako, maana linaonyesha kwamba sumaku na sauti hazishindani. Sumaku ndiyo inayoamua sauti ifike wapi.

Mirija pia hubeba wimbi lake yenyewe. Granula zikiusukuma mguu wa mrija huku na huku, mtikisiko hupanda kwenye mistari, kama vile mtikiso wa mkono unavyosafiri kwenye mjeledi na kukua kadiri ngozi inavyozidi kuwa nyembamba. Mawimbi ya aina hii yalitabiriwa na Hannes Alfvén mwaka 1942. Katika fotosfia mguu husogea kwa kasi ya kilomita 1 hivi kwa sekunde. Katika kromosfia, Hinode ilionyesha mwaka 2007 kwamba spikula, ile michirizi myembamba ya gesi inayochomoza kutoka kwenye mtandao, huyumba kwa kilomita 10 hadi 25 kwa sekunde, vipindi vyake vikiwa sekunde 100 hadi 500. Mwaka 2011 vipimo vya chombo cha anga cha SDO katika korona tulivu na katika mashimo ya korona, yaani maeneo yake yenye giza ambako mistari ya sumaku imefunguka kuelekea angani, vilipata nishati ya mawimbi haya kuwa kati ya wati 100 na 200 kwa mita ya mraba. Linganisha na zile wati 300. Kiasi hicho kinakaribia, na kwa upepo wa Jua wa kasi, yaani gesi inayotiririka kutoka kwenye Jua kwenda angani, kinatosha.

Kinachobaki kigumu ni umaliziaji. Wimbi la Alfvén husafiri kwa raha mno, na katika gesi ya korona halina sababu rahisi ya kugeuka kuwa joto. Ni lazima livunjwe kuwa mawimbi madogo zaidi na zaidi, ama kwa msukosuko unaotokea pale mawimbi yanayopanda yanapokutana na yaliyorudishwa, ama kwa mistari jirani kutikisika kwa kasi tofauti hadi ikasuguana. Hesabu zinaonyesha kwamba yote mawili yanawezekana. Kuyaona kwa macho ni kazi ambayo haijakamilika.

MwangaWaAsubuhi anauliza tena

Nawashukuru sana, Mzee na HesabuZaJua. Suala la miguu na paa limenikaa vizuri, na bajeti ya nishati imebadilisha jinsi ninavyolitazama jambo zima. Limebaki eneo moja ambalo hamkulifikia. Mmeeleza zaidi mtandao. Je, sumaku dhaifu iliyo ndani ya mtandao, ambayo kwa maelezo ya Mzee inazaliwa kila mara, nayo hufika juu, au huishia kwenye fotosfia? Na ile mimweko midogo iliyoonekana na chombo cha anga cha Solar Orbiter mwaka 2020, ikaitwa mioto ya kambi, ina uhusiano gani na mirija hii?

NuruNaKivuli anajibu

Ndugu yangu, umegusa mahali ninapopapenda. Naomba nianze na namna tunavyoipima sumaku hiyo, kwa sababu tofauti nyingi za maoni zinatoka kwenye kipimo.

Njia ya kawaida ni athari ya Zeeman, yaani jinsi sumaku inavyoipasua mistari ya spektra, ambayo mwanaastronomia George Ellery Hale aliitumia mwaka 1908 kuthibitisha kwamba madoa yana sumaku. Udhaifu wake ni kwamba ndani ya nukta moja ya picha, sumaku yenye ncha ya kaskazini na yenye ncha ya kusini hufutana, na chombo huripoti kwamba hakuna kitu. Katika eneo la ndani ya mtandao ncha hizo zimechanganyika sana, kwa hiyo kwa muda mrefu tulidhani eneo hilo ni tupu. Athari ya Hanle, inayotazama jinsi sumaku inavyopunguza mpangilio wa mitetemo ya mwanga uliotawanywa na atomi, haina ufutaji huo. Mwaka 2004 Javier Trujillo Bueno na wenzake waliitumia kwenye mstari wa strontiamu wakapata wastani wa gausi 130 hivi katika maeneo yaliyodhaniwa kuwa karibu hayana kitu. Hinode nayo ikaonyesha kwamba uga ulio mlalo ni mwingi kuliko ulio wima, kwa hesabu ya awali karibu mara 5, ingawa watafiti wengine walionyesha kwamba kelele za kipimo huongeza upande wa mlalo. Mimi naona uwiano huo wa mara 5 usichukuliwe kama neno la mwisho, lakini kwamba eneo hilo limejaa sumaku iliyoinama na kulala, hilo halina shaka.

Je, inapanda? Sehemu yake inapanda. Inajitokeza kama matao madogo yanayochomoza katikati ya granula, miguu yake miwili ikiwa na ncha zinazopingana, kisha miguu hiyo huachana na kukimbilia kwenye vichochoro. Katika utafiti uliofuatilia matao 69 ya namna hiyo kwa Hinode, uliochapishwa mwaka 2009, matao 16, sawa na asilimia 23, yalifika hadi kromosfia. Mengine yaliishia chini. Ukikumbuka jinsi matao haya yanavyozaliwa kwa wingi kila dakika, hata robo yake ni mzigo mkubwa wa sumaku unaopelekwa juu bila kukoma.

Yakifika juu yanakuta nafasi imeshikwa. Paa la mtandao alilolieleza Mzee lipo tayari, na tao jipya lenye mwelekeo tofauti hukutana nalo uso kwa uso. Mistari inayopingana hukatika na kuungana upya kwa mpangilio mwingine, na nishati iliyokuwa imehifadhiwa katika mvutano wao hugeuka kuwa joto na kuwa mbio za gesi. Kwenye fotosfia jambo hilo hujionyesha kwa namna nyingine: vipande viwili vya ncha tofauti husogeleana, hugusana, na vyote viwili hutoweka. Chombo cha SOHO, kilichorushwa mwaka 1995, ndicho kilichotufumbua macho kuhusu wingi wa matukio hayo, na tangu hapo uso wa Jua tulivu umekuwa ukiitwa zulia la sumaku, linalofumwa upya lote ndani ya muda ambao makadirio yake yamekuwa yakishuka kutoka siku mbili hivi hadi saa chache kadiri darubini zilivyoboreshwa.

Mioto ya kambi inaingia hapa. Solar Orbiter, kilichorushwa Februari 2020, kilipiga picha zake za kwanza za korona mwezi Mei mwaka huo kutoka karibu nusu ya umbali uliopo kati ya Dunia na Jua. Katika eneo tulivu kabisa ilionekana mimweko zaidi ya elfu moja, yenye urefu wa kilomita 400 hadi 4,000, ikidumu kati ya sekunde 10 na 200, ikiwa kilomita 1,000 hadi 5,000 tu juu ya fotosfia, na joto lake likiwa la kelvini milioni moja na zaidi. Urefu huo wa chini ni muhimu: ni palepale ambapo matao madogo na paa la mtandao hukutana. Uchunguzi wa baadaye uliikuta mingi kati yake ikiwa juu ya mahali ambapo ncha zinazopingana zinagusana na kufutana, lakini si yote, na iliyobaki inawezekana kabisa kuwa juu ya sumaku ndogo kuliko uwezo wa chombo.

Sasa niseme ninapotofautiana kidogo na HesabuZaJua. Mwaka 1988 Parker alipendekeza kwamba korona inapashwa joto na milipuko midogo isiyohesabika, kila mmoja ukiwa na nishati ya takriban sehemu moja katika bilioni ya mlipuko mkubwa wa Jua. Hugh Hudson akaongeza sharti la kihesabu mwaka 1991: idadi ya milipuko hupungua kadiri ukubwa unavyoongezeka, na ni pale tu ambapo kipeo cha upungufu huo kinazidi 2 ndipo midogo, kwa wingi wake, hutoa nishati nyingi kuliko mikubwa. Vipimo vimekuwa vikitoa majibu yaliyo chini ya 2 na yaliyo juu yake, kutegemea chombo na namna ya kutambua tukio. Yanayoonekana, mioto ya kambi ikiwemo, peke yake hayafikii bajeti. Lakini sioni kuwa hilo ni hoja ya kuyaweka kando, kwa sababu kila darubini mpya imeshusha kikomo cha udogo na kila mara chini ya kikomo cha zamani palikuwa na matukio. Mwaka 2023 Solar Orbiter hicho hicho kilionyesha, ndani ya shimo la korona karibu na ncha ya kusini ya Jua, michirizi myembamba ya gesi inayofoka, yenye upana wa kilomita mia chache, inayodumu sekunde 20 hadi 100 kwa kasi ya kilomita 100 hivi kwa sekunde. Nacho chombo cha Parker Solar Probe kimekuta katika upepo wa Jua mikunjo ya ghafla ya uga iliyojipanga katika makundi ambayo upana wake unalingana na ule wa supagranula. Alama ya mtandao inafika mbali kuliko tulivyowahi kufikiri.

Tena, mawimbi na muungano wa mistari si pande mbili za kuchaguliwa moja. Mistari inapokatika na kuungana upya hurusha mawimbi, na mawimbi yanapovunjika kuwa madogo huishia katika miungano midogo ya namna hiyohiyo.

HesabuZaJua anajibu

Nakubaliana nawe kuhusu hilo la mwisho, dada NuruNaKivuli, na sikukusudia kuiweka milipuko midogo kando. Ninachosisitiza ni kromosfia. Tafiti zilizofuatilia kufutana kwa ncha ndani ya mtandao zimeona gesi ya kromosfia ikipata joto juu ya matukio hayo, lakini hesabu ya jumla, kwa yale yanayoonekana hadi sasa, iko chini sana ya wati 4,000. Kwa hiyo atakayesema kwamba zulia la sumaku limelipa deni lote, na atuonyeshe kwanza malipo ya tabaka hilo la chini.

MzeeWaDarubini anajibu

Naongeza jambo moja ambalo linaweza kutusaidia kutenganisha mchango wa mtandao na ule wa ndani yake. Sumaku ya mtandao inahusiana, kwa sehemu, na mabaki ya maeneo yenye madoa yaliyosambaratika, hivyo huongezeka na kupungua pamoja na mzunguko wa miaka 11. Sumaku ya ndani ya mtandao, kwa miaka mingi ambayo Hinode imeitazama kwa chombo kilekile, haikuonyesha mabadiliko makubwa ya namna hiyo, na hili linaunga mkono wazo kwamba inazalishwa na msukosuko wa granula zenyewe karibu na uso, bila kuutegemea mtambo mkubwa wa sumaku ulio ndani ya Jua. Ikiwa ni hivyo, sehemu ya joto la angahewa inayotokana na sumaku hii inapaswa kubaki vilevile hata mzunguko ukiwa chini kabisa, na mtu anaweza kuitafuta katika kumbukumbu za miaka ya utulivu kama 2008, 2009 na 2019.

Ndugu MwangaWaAsubuhi, kwa kuwa picha za SDO ziko wazi kwa kila mtu, jipatie za siku moja isiyo na madoa na uzilinganishe: ramani ya sumaku, mwanga wa nanomita 160, wa nanomita 30.4, na wa nanomita 17.1. Utauona mtandao ukiwa mkali na mwembamba katika ile ya kwanza na ya pili, ukinenepa katika ya tatu, na katika ya nne ukipotea ndani ya ukungu wa korona. Kumbuka tu kwamba nukta moja ya ramani hiyo ya sumaku hufunika kilomita 360 hivi za uso wa Jua, kwa hiyo pale inapoonyesha kijivu kitupu katikati ya supagranula usihitimishe kwamba hapana kitu. Ndipo yalipo matao yote aliyoyaeleza NuruNaKivuli, na darubini ya Inouye huko Hawaii, yenye kioo cha mita 4 na inayoweza kutenganisha vitu vya kilomita 20 hadi 30, ndiyo inayofaa kuyafuatilia, hasa inapotazama mahali palepale kwa wakati mmoja na Solar Orbiter.